Fundo la Mpira wa Baiskeli

Nilimshukuru. Hilo ndilo linalonichoma mpaka leo kuliko mengine yote. Nilisimama kwenye bustani ya hoteli, jua la alasiri likinipiga usoni, paipu yangu imelala begani, nikamshika mkono mtu aliyeninyamazisha mbele ya watu, nikamwambia, "Asante, Afande. Umeniokoa." Naye akanipigapiga bega akasema si kitu.

Huyu mtu ndiye aliyenifundisha kupuliza nikiwa na miaka kumi na tisa, kwenye bendi ya kikosi cha vijana huko kwetu Kenya. Paipu ni zumari la mfuko: mfuko unaoubana kwapani, kijibomba cha kupulizia mdomoni, mabomba matatu marefu begani yanayovuma sauti moja bila kukoma, na chini yake mwanzi wenye matundu, ambao ndio unaotoa wimbo. Waingereza walituachia, na sisi tukaishika kama ya babu zetu. Ndani ya mwanzi, mahali watazamaji wasipopaona, kuna ulimi. Ni vipande viwili vyembamba vya tete vilivyofungwa pamoja. Vikitetemeka, wimbo unatoka. Visipotetemeka, umekumbatia mfuko wa hewa tu.

Yeye alikuwa Afande na mimi nilikuwa Kuruta. Nimepita ukuruta miaka mingi, nimezaa, nimevuka bahari, na bado aliniita Kuruta, nami sikuwahi kumwita jina lingine. Mimi ni mashoto. Siku ya kwanza nilishika mwanzi kinyume, mkono wa kulia juu, naye akaupiga mkono wangu kwa kijiti cha ngoma. "Bendi haina mashoto," alisema. Nikajifunza kushika kama wengine. Lakini kuandika, kukata vitunguu, kufunga kamba za viatu, mpaka leo ni kushoto.

Kikosini tulikuwa na desturi moja ambayo haikuandikwa popote. Siku ya gwaride kubwa, mpigaji ambaye Afande hamwamini alifanywa bubu. Unachukua uzi mwembamba uliokatwa kwenye tyubu ya baiskeli, unauzungusha kwenye ulimi mara tatu, unaufunga juu kidogo ya pale panapostahili, na vile vipande viwili vinabanana. Mtu anaingia uwanjani, mashavu yamevimba, vidole vinacheza, na wimbo hautoki. Mabomba ya begani yanavuma, hivyo mstari hauonekani kuwa na pengo. Wakubwa jukwaani hawajui. Mwenyewe ndiye anayejua kwamba hasikiki, na haruhusiwi kusimama wala kulia. Tuliwacheka sana mabubu. Tulikuwa na ule ukatili wa vijana waliolala njaa pamoja.

Gwaride moja, aliyefanywa bubu alikuwa rafiki yangu wa kitanda cha juu. Tulikuwa tunagawana sabuni na siri. Alipuliza vizuri kuliko mimi, na kila mtu alijua, ila wiki ile alikuwa na homa na Afande akasema asituharibie. Rafiki yangu alimaliza gwaride akiwa wima. Jioni alikunja sare yake, na mwezi haukuisha kabla hajaondoka kikosini. Leo ana kibanda cha chakula karibu na stendi ya mji wetu, na hajagusa paipu tena. Mimi na yeye hatukuwahi kuizungumzia siku ile. Tuliendelea kuwa marafiki kwa kuiruka.

Miaka ikapita. Afande alistaafu, akaja Doha kuendesha basi la wafanyakazi kule Sanaiya, yaani eneo la viwanda. Mimi nilifuata baadaye kama mlinzi. Nalala kwenye nyumba za kampuni Al Wakrah, na lindo langu ni mlango wa nyuma wa hoteli, mlango wa wapishi na wafagizi, ambapo kazi yangu ni kupekua mifuko ya watu waliochoka kama mimi. Ijumaa moja baada ya ibada kwenye makanisa ya Mesaimeer, Afande alinivuta kando ya ukuta akaniambia kuna bendi. Mhandisi mmoja Mskoti alikuwa ameikusanya kwa mapenzi yake tu: Wahindi waliotoka jeshini, Wafilipino, mwalimu wa hesabu kutoka Wales, na yeye. Walifanya mazoezi kila Ijumaa kwenye ukumbi wa shule. "Nimewaambia niko na kuruta wangu," alisema. Nilikuwa na miaka saba sijashika paipu. Nilipoishika siku ile nililia mbele ya Wahindi, na sikuona haya.

Kwenye bendi ile Afande ndiye aliyekuwa mkono wa mwisho. Ndivyo paipu zinavyotaka: kabla ya kuingia uwanjani, mtu mmoja mwenye sikio anapita kwa kila mpigaji, anasikiliza, anachomoa mwanzi, anaugusa ulimi, anaurudisha. Akishapita kwako hupulizi tena mpaka amri itoke. Unampa paipu yako kama unavyompa daktari wa meno mdomo. Doha ndiyo inayohitaji zaidi mkono huo, maana ndani kuna baridi ya AC inayokausha ulimi na nje kuna unyevu wa bahari unaoulowesha.

Kisha ikaja habari ya sherehe. Hoteli yangu ilitaka kufanya alasiri moja ya zumari za Ulaya, wageni waje kutoka nchi mbalimbali, kila mmoja na lake, na bendi yetu iwakaribishe. Mhandisi aliamua tufungue kwa wimbo wa Galisia, pembe ya kaskazini ya Uhispania. Ni wimbo wa alfajiri, ambao wapigaji wa huko huzunguka nao kijijini kuwaamsha watu siku ya sikukuu. Mtu mmoja angeanza peke yake tangu kwenye lango la bustani, atembee polepole mpaka katikati, ndipo bendi imjibu. Kila mtu alijua huyo mmoja ni Afande. Mhandisi alitusikiliza wote, mmoja mmoja, akafunga daftari lake, akasema ni mimi.

Nilimtazama Afande. Alikuwa anafuta kijibomba chake kwa kitambaa. "Kuruta amekua," alisema, na watu wakapiga makofi.

Wiki sita niliuishi ule wimbo. Lindoni nilishika tochi yangu ndefu mithili ya mwanzi na vidole vikacheza juu yake. Mwenzangu wa lindo, dada kutoka Uganda, alikuwa anaimba sauti ya mabomba ili mimi niwe na kitu cha kusimamia. "Mmmmm," siku nzima, huku akipekua mifuko. Kila siku nikitoka kazini nilijirekodi na kumtumia Afande. Alinijibu kwa uvumilivu wa baba: hapa umeharakisha, hapa kata pumzi, rudia mstari wa tatu. Nilirudia. Nilimtumia wimbo ule wote, kipande kwa kipande, mpaka ukakamilika kwenye simu yake.

Alhamisi wageni waliingiza vyombo vyao, na kwa utaratibu wa hoteli mizigo yote hupita mlango wa nyuma. Yaani kwangu. Zumari za Ulaya zilipita mbele yangu kwenye mashine ya kukagulia, moja baada ya nyingine. Mwenzangu alishtuka akaniita. "Dada, humu muna mnyama. Naona miguu." Mzee wa Kibulgaria alicheka mpaka akashika kiuno, akafungua sanduku akatoa ngozi ya mbuzi mzima, miguu imefungwa kamba, na bomba moja refu. Alipuliza noti moja pale pale, nzito, mpaka mapipa ya taka yakaitikia. Mwairishi alitueleza kwamba yake haipulizwi kwa mdomo kabisa. Anakaa kitini, mvukuto umefungwa kwapani, anapiga huku anaongea na wewe. Waitaliano wawili walisema zao ni za wachungaji wanaoshuka milimani wakati wa Krismasi. Mama mmoja wa Estonia alisema wazee wao walishona mfuko kwa tumbo la sili. Mkubwa wa ulinzi, Mkatari, alipita akasimama kutazama. "Hii ni jirba," alisema, akatuambia watu wa Ghuba wana yao, na kwamba harusi ya mjomba wake isingekuwa harusi bila jirba. Nilifurahi kama mtoto. Nilikuwa nimevaa glavu za upekuzi na nilizigusa zumari zote.

Wa mwisho alikuwa mwanamke wa Galisia, mwenye mvi, zumari lake limeshonewa vishada vyekundu. Nilimwambia kwa Kiingereza changu kwamba kesho ni mimi nitakayeanza na wimbo wa kwao. Alitazama sare yangu, akatazama vidole vyangu. Kisha akanivua glavu moja, akaushika mkono wangu wa kushoto, akabonyeza ncha za vidole palipo na sugu. "Kesho nitakusikiliza," alisema.

Hilo ndilo nililolitaka. Nisizunguke. Sikutaka cheo, sikutaka kazi nyingine. Nilitaka watu wa hoteli ile, ambao wamenipita kila siku wakinifungulia mifuko bila kuniangalia, wanisikie mara moja. Na nilitaka rafiki yangu wa kitanda cha juu anisikie. Nilikuwa nimemtumia kiungo cha ukurasa wa hoteli ambapo sherehe ingerushwa moja kwa moja. Alijibu, "Nitafunga kibanda mapema. Lazima nikuone."

Ijumaa, Afande alipita kwa kila mtu kama kawaida. Alipofika kwangu alisikiliza, akakunja uso kidogo. "Ulimi umekauka," alisema. "AC hii ni adui." Akachomoa mwanzi, akanipa kisogo ili jua lisimpige machoni, akashughulika nao. Akaurudisha. "Usipulize sasa. Uache upumzike mpaka uitwe."

"Sawa, Afande."

Niliitwa. Nilisimama langoni, nikavuta pumzi, nikapiga mfuko. Mabomba matatu yakavuma vizuri, sauti moja safi. Nikabana kwapa, nikainua kidole cha kwanza. Hakuna kitu. Nikabana zaidi. Mabomba yakavuma tu, kama friji. Miguu ilikuwa imeshaanza kutembea na vidole vilikuwa vimeshaanza wimbo, maana vidole vyangu haviulizi ruhusa. Nilikuwa natembea katikati ya viti, sketi ya mistari imepigwa pasi, nikicheza wimbo wa alfajiri ambao hakuna aliyeusikia ila mimi. Nilimwona mwanamke wa Galisia mstari wa mbele ameinamisha kichwa, akitega sikio.

Ndipo wimbo ukatoka, kutoka kwenye bendi nyuma ya migongo ya Wahindi. Afande alipiga hatua mbele akauchukua tangu noti ya kwanza, na aliupiga vizuri. Mungu shahidi, aliupiga kunishinda. Kila pumzi aliyonikatisha, kila mahali aliponiambia nirudie, vilikuwa pale. Mimi nikaendelea kutembea na kuvuma. Watu walidhani ndivyo tulivyopanga, mwanamke atembee na mwanamume apige. Tulipomaliza walisimama. Mwanamke wa Galisia alimkumbatia Afande kwa muda mrefu, kisha akanigeukia kwa upole. "Umetembea vizuri," alisema.

Hapo ndipo nilipomshukuru. "Ni AC, Kuruta," alinijibu. "Ulimi umekufa ghafla. Usijali, hutokea." Nami nilijilaumu mimi, nikalaumu AC, nikalaumu bahari ya Doha. Yeye sikumlaumu.

Nilipofika Al Wakrah nilikuta ujumbe wa sauti wa rafiki yangu. Nyuma yake kulikuwa na kelele za stendi. "Nimekuona," alisema. "Ulikuwa smart, walai. Lakini sijakuskia." Nikamwandikia habari ya AC. Akatuma ujumbe mwingine. "Hebu toa ulimi uangalie."

Niliketi kitandani nikachomoa mwanzi. Kwenye ulimi wangu kulikuwa na uzi mweusi wa tyubu ya baiskeli, umezungushwa mara tatu, umefungwa juu. Nimezoea kusikia watu wakisema kikulacho ki nguoni mwako, na huwa naona wanajitia hekima. Nililiangalia lile fundo mpaka macho yakaniuma. Lilikuwa safi, la mtu aliyekata uzi wake nyumbani akaja nao mfukoni. Nilikuwa na hasira, na chini ya hasira kulikuwa na kitu kibaya zaidi, kwa sababu ningemwachia mtu yule hata mtoto wangu. Sikumjibu rafiki yangu usiku ule, wala wiki ile yote.

Ijumaa iliyofuata nilimsubiri Afande Mesaimeer, kwenye maegesho, watu wakitoka ibadani na Biblia zao. Nilifungua kiganja nikamwonyesha ule uzi. Hakukana. Nilitamani akane, ili nipate la kugombana.

"Mwezi wa tatu narudi nyumbani," alisema. "Mkataba umeisha. Kuruta, miaka thelathini nimepulizia wakubwa wakishuka kwenye magari. Kuna hata mmoja aliwahi kusimama anisikilize? Wewe bado una nafasi."

"Ungeniomba, Afande. Ningekupa."

"Ningeombaje kuruta wangu?"

Nikamwambia ni msaliti. Nililisema neno hilo kwa sauti, na mama mmoja aliyepita na watoto akageuka. Nilimwambia nilimpa paipu yangu kwa sababu ni yeye, na kwamba tangu leo asiniite Kuruta. Alinisikiliza wima, kama yuko gwarideni. Kisha akasema polepole, bila ubaya, na ndiyo maana iliniingia.

"Usijifanye mtakatifu. Fundo la rafiki yako nani alifunga?"

Aliondoka kuelekea kwenye basi lake. Mimi nilibaki pale juani.

Nilifunga mimi. Siku ile ya gwaride Afande alikuwa na mistari minne ya kupitia, akanitupia uzi akasema mfunge yule mgonjwa, nami nikaichukua paipu ya rafiki yangu mikononi mwake. Alinipa bila kuuliza, kwa sababu ni mimi. Nilimwambia ulimi wake umelowa kidogo, naurekebisha. Ningeweza kukataa, na adhabu yake ingekuwa kuzunguka uwanja mara kumi. Lakini nilijua pia kwamba yeye akinyamaza, mimi ndiye nitakayesikika. Wahenga walisema mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu, na mimi nilikuwa nimeurusha wangu miaka mingi kabla ya kuchomwa. Nilijiambia rafiki yangu hakujua. Mabubu wengi walilaumu ulimi, au hali ya hewa, na kuondoka.

Nilitembea mpaka kituo cha basi, nikaketi kwenye benchi lenye kivuli, nikampigia. Alipokea haraka. Nilisikia mafuta yakichemka na mtu akiagiza chai.

"Umeniruka wiki nzima," alisema.

"Nilitoa ulimi. Kulikuwa na fundo."

"Nilijua. Nilikuona ukitembea na kile kiuso, nikajua. Ni yeye?"

"Ni yeye."

Hakunipa pole. Nilikuwa nimejipanga kumwambia, maneno nilikuwa nayo, nilikuwa nimeyarudia njiani kama mstari wa tatu. Nikavuta pumzi. Yeye akaniwahi.

"Fundo limeangalia wapi?"

"Nini?"

"Ncha ya fundo. Imetokea upande gani?"

Uzi ulikuwa bado mkononi mwangu. Nilikuwa nimeukata upande wa pili ili fundo libaki zima. Niliugeuzageuza. Afande ni mtu wa mkono wa kulia.

"Kulia," nilisema.

"Aha," alisema. "Langu lilitokea kushoto."

Mafuta yaliendelea kuchemka. Nilijaribu kusema nisamehe, sauti haikutoka, mdomo ukafunguka tu. Nilimsikia akimwambia mteja kwamba chapati zinakuja, akae.

"Uko hapo?" aliniuliza.

"Niko."

"Ngoja nigeuze hii chapati," alisema. "Usikate simu. Leo utaniambia yote."

Akaiweka simu mezani, nami nikaishika yangu kwa mkono wa kushoto nikangoja.